Mawe Matano Yaliyokaa Kwenye Joto

9 Januari

Mjukuu wangu,

Mimi babu yako nina miaka themanini na tatu, wengine wanasema themanini na tano, waliokuwa wanahesabu wamekufa. Nimewazika mameneja watano wa mgodi, wake wawili, daktari aliyenipa miezi sita ya kuishi, na mgodi wenyewe, maana umefungwa na majani yameota mlangoni, na mimi bado naamka navaa viatu vyangu bila kushikwa mkono. Kwa hiyo isome barua hii ukijua ni nani anakuandikia.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo ila anazidi kunifanya yai. Juzi nilipanda kwenye bati kuziba tundu, akasimama chini na ngazi yake akiniambia niteremke, nikamwambia binti yangu, mimi nilikuwa naning'inia kwenye kamba mita mia mbili chini ya ardhi wewe ukiwa hujaota meno. Tundu nimeliziba. Halivuji, au linavuja kidogo. Mama yako mdogo amejifungua salama, wa kike, ana kichwa kikubwa kama changu, naye atakuwa na akili. Fimbo ya kutembelea waliyoninunulia nimemgawia jirani. Natembelea mtalimbo wangu wa kazi, ule wa chuma. Ni mzito, ndiyo sababu naupenda.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nimemuuliza mama yako unafanya kazi gani huko, akasema kompyuta. Nimemuuliza mama yako mdogo, akasema mambo ya sayansi. Mume wake akasema uko chini ya mlima, ndani ya shimo, unasikiliza mawe. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Mjukuu wangu, miaka thelathini na moja mimi nilikuwa mgonga dari. Hakuna mtu aliyeingia kwenye lile shimo asubuhi kabla mimi sijagonga dari la mwamba na kusema pita. Katika ukoo huu msikiliza mawe ni mimi. Kama wewe nawe unasikiliza, mbona hukuniambia?

Niandikie unieleze vizuri. Usipige simu. Baruti zilishaniharibu masikio, simu naisikia kama nyuki ndani ya chupa. Andika herufi kubwa. Kusoma nimejifunza nikiwa mtu mzima na sina haraka.

Mimi mume wako wa kwanza, maana huyo wa pili hajapatikana,
Babu

2 Februari

Babu, shikamoo.

Mimi mzima. Mume wa pili bado sijamtafuta, nangoja wewe unipe talaka. Mpe mama mdogo pongezi zangu, na mwambie mama nimesema asimame na ngazi yake hapo hapo.

Ni kweli niko chini ya mlima. Tunapita kwenye handaki kwa kigari cha umeme robo saa nzima, halafu tunabadilisha nguo na viatu, tunavaa kofia za kitambaa, tunaingia kwenye chumba cheupe kisicho na dirisha. Tuko chini huko ili mlima utukinge na mionzi inayoanguka kutoka angani.

Katikati ya chumba kuna pipa kubwa, na ndani yake kuna mapande kumi na mawili ya jerimaniamu. Ni madini ya kijivu yanayong'aa. Kila pande lina ukubwa wa kopo la rangi, yote yamewekwa kwenye baridi kali ya hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika. Wataalamu wanasema huenda ndani ya mapande hayo, labda mara moja tu kwa miaka kadhaa, kiini cha atomu moja kikavunjika kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Kikivunjika, pande lenyewe litatoa mshtuko mdogo wa umeme. Kwenye skrini utauona kama mstari uliolala, ukapanda ghafla, ukashuka taratibu.

Shida ni kwamba hata vumbi lina mionzi yake, nalo linatoa mishtuko. Kwa hiyo kazi yangu ni kutengeneza mishtuko ya uongo. Ndani ya kompyuta nimejenga mapande yale yale, kwa vipimo vya kiwandani, ukubwa ule ule, ganda lile lile. Naangusha tukio mahali popote ndani yake na kukokotoa umeme utakavyotembea. Nimeshafanya hivyo mara milioni arobaini. Tukijua ya uongo inafananaje, tunajua ya kweli ikija tutaitambua mara ngapi katika mia. Mpaka sasa, kwa miaka minne, haijaja. Tunachotaka kutangaza ni hicho: kwamba hatujaiona, na kwa kuwa macho yetu ni makali kiasi hiki, basi ni adimu kuliko kiasi hiki.

Kuna jambo dogo linanisumbua. Mapande matano yanatoa mishtuko mingi inayochelewa kupanda. Ya kwangu ya uongo haichelewi. Mkuu wetu wa maabara anasema ni nyaya, anataka mishtuko hiyo tuitupe. Labda ni nyaya.

Babu, mama anasema hujawahi kuzungumzia mwaka wako wa mwisho kwenye mgodi. Kwa nini?

Mjukuu wako

20 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Talaka huipati. Hatujambo sote. Mtoto wa mama yako mdogo analia kwa sauti ambayo hata mimi naisikia. Bati linavuja, fundi ameitwa, amesema aliyeziba alifanya kazi nzuri ila tundu lilikuwa pembeni.

Barua yako nimeisoma siku nne. Mishtuko milioni arobaini ya uongo na wewe unaitwa msomi, mimi nikisema uongo mmoja wanasema mzee ameanza. Lakini nimeelewa. Usidhani sijaelewa.

Sasa nikufundishe kitu ambacho hakimo kwenye kompyuta yako. Kugonga dari si masikio. Vijana waliokuja nyuma yangu walidhani ni masikio, wakawa wanageuza kichwa kama kuku. Unashika mtalimbo kwa mkono wa kulia, unagonga. Mkono wa kushoto unauweka kiganja wazi juu ya mwamba, hatua moja kutoka ulipogonga. Dari zima linajibu hapo hapo, kavu, kama reli. Dari lililoachana ndani linachelewa. Unagonga, kiganja kinangoja, ndipo linatetemeka, kivivu, kama mtu uliyemwita akiwa na kinywa kimejaa. Kuchelewa ndio ugonjwa wenyewe. Hilo dari likikuchelewea namna hiyo, toka, usiage mtu.

Wewe unaniambia mawe matano yanachelewa na mkubwa wako anasema ni nyaya. Ni nyaya gani hizo zenye akili ya kuchagua mawe matano na kuyaacha saba?

Ningekuwa mimi ningeuliza hivi. Hayo matano, kabla hayajateremshwa shimoni, yalikuwa wapi? Mwaka mmoja tuliletewa nguzo za mbao za kushikilia dari. Kitabu cha stoo kilisema mpya. Zikavunjika kama biskuti. Mtunza stoo akaapa kwamba hazijawahi kutumika, na alikuwa mkweli, hazijawahi kutumika. Zilikuwa zimelala uani misimu mitatu ya mvua zikioza taratibu. Kitu kinazeeka hata kikiwa hakifanyi kazi. Nitazame mimi. Kwa hiyo usimuulize msomi, muulize mtunza stoo, na usimuulize kitabu kinasema nini, muulize vitu vililala wapi.

Hilo la mwaka wangu wa mwisho liache. Nilifanya kazi, nikamaliza, nikaondoka.

Babu

30 Machi

Babu, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa sili vizuri wala sina la kuandika ambalo lingekufurahisha. Mama ameniambia unakohoa. Meza dawa, usimgawie jirani.

Nilimwendea mtunza stoo. Ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ana daftari ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Handaki letu liliingia maji miaka mingi kabla sijafika hapa, kazi ikasimama. Mapande saba yalikuwa yameshawekwa kwenye baridi. Matano yalibaki kwenye makasha yake, stoo ya juu, ukuta mmoja na chumba cha boila, mtambo wa kuchemshia maji. Yalikaa humo miaka mitatu na miezi miwili.

Kila pande limepakwa lithiamu kwa nje. Hilo ndilo ganda nililokutajia. Kwenye baridi, lithiamu inatulia. Kwenye joto inatambaa kuingia ndani, polepole sana, na popote inapofika pande linakufa, tukio likitokea hapo umeme unajikokota au hautoki kabisa. Mimi nilijenga mapande kama yalivyokuwa siku yalipotoka kiwandani. Hakuna aliyeyapima tena. Nilipoliongeza ganda unene kwenye kompyuta, mishtuko yangu ya uongo ikaanza kuchelewa sawasawa na ya kweli. Nilikaa nikaitazama, nikapiga meza mpaka jirani yangu akavua vidude vya masikioni.

Halafu nikahesabu. Sehemu iliyo hai ya mapande yetu ni ndogo kuliko tunavyosema, kwa karibu sehemu moja katika kumi. Kwa hesabu ya zamani tunalipita kundi la ng'ambo linaloshindana nasi. Kwa hesabu mpya hatulipiti.

Nilimpelekea Mkuu. Hakukasirika, ndilo lililoniumiza. Alinipa kiti. Alisema ripoti imeshasomwa na wote, mkutano ni Juni, na kuyatoa mapande kuyapima na kurudia hesabu zote ni miezi minne. Alisema shahada yangu inategemea ripoti hii. Kila mmoja wetu lazima atie saini, na jina langu ndilo lililo chini ya ukurasa wa uigaji, ule wa mishtuko ya uongo, kwa hiyo bila saini yangu ukurasa huo hausimami. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Kosa la moja katika kumi, kwenye kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Niambie, nani atakufa?"

Nilikusanya karatasi zangu nikatoka. Babu, hakuna atakayekufa. Nadhani nitasaini.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha. Kilikuja, kikanikuta, kikaondoka.

Usisaini. Umesikia? Usitie hata nukta. Huyo mkubwa wako namjua, sijamwona lakini namjua, anakaribisha kiti halafu anakukalia. Mimi miaka thelathini na moja sijapitisha dari bovu hata siku moja. Nyapara alinitukana, meneja alinitisha, mmoja alinishika shati, nikamwambia dari ni bovu na shati ni langu. Watu wote wa mgodi ule walilijua hilo. Jina langu lilikuwa safi na litaandikwa safi. Wewe ni damu yangu. Damu yangu haisaini uongo.

Mama yako anakusalimu. Fundi wa bati amekuja tena.

Babu

19 Mei

Babu,

Shikamoo. Wote hapa ni wazima.

Niliisoma barua yako ya Aprili nikajiona mdogo, mtu dhaifu kutoka ukoo wa watu wagumu. Nikampigia mama nimwambie kwamba sitasaini, kwamba nitakuwa kama Babu. Mama akasema kuna kitu amekibeba miaka ishirini na tisa, na hawezi kuniacha nipoteze shahada yangu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kweli.

Alisema mwaka wako wa mwisho dari lilianguka, wakafa wanne. Alisema kampuni ilibandika karatasi getini. Yeye ndiye pekee katika nyumba yenu aliyekuwa anajua kusoma, akaenda akaisoma peke yake. Iliandikwa kwamba dari liligongwa asubuhi ile likaonekana zima, na kwamba marehemu waling'oa nguzo wenyewe kwa uzembe wao. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba, na jina lako.

Alirudi nyumbani akakupakulia chakula. Hakuwahi kukuambia kwamba aliisoma.

Kwa hiyo usiniambie habari za damu, Babu. Nina hadi tarehe kumi Juni. Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu ni wewe tu ninayeweza kumuuliza. Ilikuwaje?

Mjukuu wako

27 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Salamu za nyumba hii leo sina. Mama yako yuko jikoni, mimi niko uani, hatujasemezana tangu jana nilipomuuliza kama ni kweli aliisoma, akaitikia kwa kichwa.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikujua karatasi inasema nini. Nilikuwa sijui kusoma, wewe ungeniamini. Nimeiandika barua hiyo mara mbili na mara mbili nimeichana. Karani alinisomea. Alisoma neno kwa neno, kwa sauti, na baruti zilikuwa bado hazijaniharibu kiasi hiki. Nilisikia.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile niligonga dari la njia ya tatu. Likachelewa. Nikamwambia nyapara ni bovu, funga. Akasema meneja anataka mawe kabla ya saa sita, kagonge njia ya nne, hapa niachie mimi. Nikaenda njia ya nne. Hilo ndilo la kwanza. Ningeweza kukaa pale katikati ya njia na mtalimbo wangu na wasingepita. Nilikwenda. Waliingia wanne. Mrefu, Kinanda, Mzee wa Koleo, na mmoja tukimwita Bwana Harusi sababu alikuwa ameoa juzi yake. Hawakugusa nguzo yoyote.

Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Nikapewa kiti, na mimi pia nilipewa kiti. Nikasomewa. Nikasema si kweli. Meneja akaniambia: "Wameshakufa. Ukiweka dole au usipoweka, nani atakufa tena?" Nikatazama wino. Akasema nyumba niliyokuwa nakaa ni ya kampuni. Nikaweka.

Hakuna aliyekufa tena, alisema kweli. Lakini wajane wanne waliambiwa waume zao walijiua kwa upumbavu, na watoto wao wakakua wakiambiwa hivyo barabarani. Mwaka huo huo nikaacha kazi, nikaenda shule ya watu wazima, nikakaa kwenye kidawati magoti yakigusa kidevu. Nimekuwa nikisema nilijifunza kusoma ili nisome gazeti.

Majigambo yangu mengine yote ni ya kweli. Hata la shati ni la kweli. Lakini niliposema hata siku moja, nilikudanganya.

Sasa sikuambii saini wala usisaini. Sina kinywa hicho. Nakuambia tu nitakachofanya mimi. Nimenunua karatasi kubwa ya bango. Naandika yote haya kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa kama kiganja. Jumatatu naenda kuibandika kwenye geti la mgodi. Geti limekufa lakini lingalipo, na watu wanapita. Mama yako amesema nitaaibisha ukoo. Mama yako mdogo amekuja mbio akasema nina miaka themanini na tatu, nitulie nife vizuri. Nimewaambia nitatulia nikifa.

Babu

3 Agosti

Babu, shikamoo.

Sikusaini.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila wiki nilidhani limekwisha, kumbe bado. Tarehe tisa Juni niliingia kwa Mkuu na kurasa mbili nilizoandika: yalipokaa mapande, kwa muda gani, na nini kinatokea kwa ganda. Niliweka na nakala ya daftari la mtunza stoo. Sikukaa kwenye kiti. Nikamwambia hivi, na nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo:

"Uliniuliza nani atakufa. Sijui. Ninachojua ni kwamba nimejenga mawe ambayo hayapo, na siwezi kuapa kwamba yapo."

Akaniambia nimechoka, niende likizo. Nilipotoka akaliondoa jina langu, akampa mwenzangu ukurasa wangu. Kwa siku mbili watu walikula mezani kwangu wakizungumza habari za mpira. Siku ya tatu, fundi anayejaza naitrojeni, mtu asiye na shahada yoyote, aliyeyabeba makasha yale kwa mikono yake, akaingia kwenye kikao na viatu vyake vichafu akasema jina lake nalo litolewe. Akasema yeye ndiye aliyeyaweka karibu na boila, sababu aliambiwa stoo nyingine imejaa, na hajawahi kuulizwa. Baada yake wawili wengine wakaondoa majina yao. Mwenzangu aliyepewa ukurasa akaurudisha.

Hawakwenda na ripoti kwenye mkutano. Walikwenda na picha za handaki. Mapande yametolewa, tumeyapima moja moja kwa chembe ndogo ya mionzi tuliyoitembeza juu ya ganda lote. Manne yana ganda nene karibu mara mbili. La tano ni zima, lake lilikuwa nyaya kweli, nilikosea. Mkuu alisimama mbele ya wote akaeleza kosa langu la pande la tano kwa dakika ishirini, akicheka. Yale manne aliyapa dakika moja.

Hatulipiti kundi la ng'ambo. Shahada yangu imesogezwa mwaka mzima. Wamenihamishia meza ya karibu na mlango, kila anayeingia ananigonga kiti. Nimeandika vipimo vipya vya ganda kwa mkono wangu, na sasa naanza upya, tukio la kwanza katika milioni arobaini. Nakula vizuri.

Sijasikia habari za Jumatatu yako. Mama haniambii, anasema nikuulize mwenyewe.

Mjukuu wako

22 Agosti

Mke wangu,

Marahaba, marahaba tena. Hatujambo, na leo nasema hatujambo kwa kinywa kipana. Mtoto wa mama yako mdogo anakaa bila kushikwa. Bati ninaliangalia tu, sijapanda.

Barua yako imesomwa hapa kwa sauti. Pale kwenye dakika ishirini na dakika moja mama yako mdogo alitaka kutuma matusi huko, tumemzuia hajui anwani. La tano usiliwaze. Hata mimi niliwahi kufunga njia kwa dari zima, wakanicheka mwezi mzima, na walikuwa hai wakinicheka.

Jumatatu yangu ilikuwa hivi. Nilifika getini asubuhi. Kuna mlinzi pale analinda vyuma chakavu. Akasema hairuhusiwi kubandika tangazo bila kibali. Nikamuuliza kibali cha nani, kampuni imekufa, akasema cha yeyote. Nikabandika. Akabandua. Nikabandika tena, nikafungua kiti changu cha kukunja nikakaa mbele yake. Nimekaa siku tatu. Siku ya pili mlinzi aliisoma yote taratibu, mwisho akaenda akaleta misumari, akasema gundi yangu haifai. Mama yako alikuja siku hiyo hiyo. Nilidhani amekuja kunichukua. Alishika nyundo, akapigilia pembe zote nne, akakaa chini kwenye majani kando yangu mpaka saa ya kurudi. Aliniuliza kama nina njaa.

Watu walisoma. Wengine walitema mate, wakanitemea mimi, si karatasi, nikasema sawa. Mtoto wa Mrefu, mtu mzima sasa ana mvi, aliisoma akaondoka, akarudi na mama yake, akamsomea. Yule mama hakunitazama. Hana deni la kunitazama.

Siku ya tatu alikuja mke wa Kinanda. Unamjua, ni yule fundi cherehani wa karibu na kituo cha maji, anayenishonea suruali miaka yote hii. Alisoma, akakunja miwani, akaniambia: "Mbona nilijua."

Nikamuuliza alijua nini. Akasema jioni ya kabla ya ajali, Kinanda alirudi nyumbani akamwambia mgonga dari ana wasiwasi na njia ya tatu, amesema kesho asubuhi ataigonga tena, na ikibidi ataifunga. Kwa hiyo karatasi ilipobandikwa, alijua ni uongo na alijua dole ni la nani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nani angemsikiliza mjane. Nikamuuliza kwa nini basi amenishonea suruali miaka ishirini na tisa. Akasema alikuwa ananipima kiuno kila mwaka akingoja niseme, na kila mwaka nilimsimulia habari za shati.

Karatasi bado ipo. Mvua imeifuta upande, nitaiandika nyingine.

Ukitaka kujua kama haya ni kweli, usiniamini mimi, nimeshakuonyesha kwa nini. Muulize mlinzi wa vyuma, misumari ni yake. Muulize mama yako, aliisoma ya kwanza na akapigilia ya pili. Na ukija, nenda mwenyewe kwa mke wa Kinanda, mlango wa bluu, cherehani iko dirishani. Huyo ndiye shahidi wangu. Alikuwa shahidi wangu tangu siku ile, na mimi nilikuwa namkimbia.

Babu yako, mgonga dari